Mdogo Hatakumbuka Safari. Je, Aachwe Nyumbani?

Swali: Mimi ni mama wa watoto wawili, wa kike ana miaka 9 na wa kiume ana miaka 3. Mimi na mume wangu tumeweka akiba mwaka mzima ili likizo ya shule tusafiri, na hii ndiyo itakuwa safari yetu ya kwanza ya mbali tukiwa familia. Sasa mume wangu anasema mdogo abaki kwa bibi yake, kwa kuwa hatakumbuka chochote na atatuchosha. Fedha zake afadhali zimwongezee dada yake siku za matembezi. Moyo wangu unakataa lakini hoja sina. Je, kusafiri na mtoto mdogo kiasi hicho kuna faida ya kweli, au ni huruma tu ya mama?

Jibu: Mama, nianze kwa kumtendea haki baba watoto. Katika jambo la kumbukumbu anasema kweli. Kijana wenu akifika utu uzima, si rahisi aweze kuisimulia safari hii kutoka kichwani mwake mwenyewe. Watu wazima wengi wakiulizwa tukio la mwanzo kabisa wanalolikumbuka maishani, hutaja jambo la umri wa miaka 3 au 4 hivi, na nyuma ya hapo hawaoni kitu. Hilo limejulikana na kuandikwa tangu mwishoni mwa karne ya 19.

Ila hoja yake ina tundu, na tundu lenyewe liko kwa binti yenu. Patricia Bauer wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, pamoja na mwenzake, waliwarekodi watoto wa miaka 3 wakizungumza na wazazi wao juu ya mambo yaliyowapata siku za karibuni. Kisha wakawarudia baada ya miaka, wengine wakiwa na umri wa miaka 5, wengine 6, hadi wa miaka 9, na kuwauliza mambo yale yale. Matokeo yalitoka mwishoni mwa 2013. Watoto wa miaka 5 hadi 7 walikumbuka kati ya asilimia 63 na 72 ya matukio. Wale wa miaka 8 na 9 walikumbuka kama asilimia 35 tu.

Hapo kuna mambo mawili ya kumwambia mwenzako. La kwanza, mtoto wa miaka 3 anakumbuka, tena vizuri, na kumbukumbu hiyo anaishi nayo miaka kadhaa katika kipindi ambacho lugha yake, woga wake na ujasiri wake vinajengeka. La pili, binti yenu wa miaka 9 leo hii amekwisha kusahau sehemu kubwa ya yale mliyomfanyia alipokuwa na miaka 3. Mlimbeba, mkamsimulia hadithi, mkamwimbia, mkampeleka huku na huku. Sidhani kama kati yenu yupo anayehesabu kwamba ile ilikuwa kazi bure. Chakula alichokula mwaka ule hakikumbuki pia, na mifupa yake imejengwa nacho.

Kwa hiyo naomba swali la “atakumbuka?” liwekwe kando, kwa sababu linapima kitu kisicho chenyewe. Linalofaa kuulizwa ni safari itamfanyia nini mtoto akiwa ndani yake, na itaifanyia nini familia ya watu wanne ikisharudi nyumbani.

Kuhusu hilo, kwanza nikuonye juu ya ahadi za bure. Kuna matangazo mengi ya watalii yanayodai kwamba safari huukuza ubongo wa mtoto, na mara nyingi nyuma ya madai hayo kuna utafiti wa panya. Utafiti huo ni wa kweli na ni mzuri. Katika miaka ya 1960 Mark Rosenzweig, Marian Diamond na wenzao kule Berkeley, California, waliwaweka panya wengine katika vizimba vyenye wenzao wengi na vitu vya kuchezea vilivyobadilishwa mara kwa mara, na wengine katika vizimba vitupu, kila mmoja peke yake. Waliokaa katika mazingira yenye mambo mengi walikutwa na gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, nene zaidi. Lakini mtoto anayecheza, anayesemeshwa na kupendwa nyumbani hayumo katika kizimba kitupu. Akibaki kwa bibi yake hatadumaa akili, na mtu asikutishe kwa hilo. Faida ninayoiamini mimi ni nyingine, na inawategemea sana ninyi wazazi.

Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake walichapisha utafiti ambao naupenda kuueleza kwa wazazi. Waliwachukua watoto wachanga wa Kimarekani wenye umri wa miezi 9, ambao nyumbani walisikia Kiingereza peke yake, wakawapa vipindi 12 vya kucheza na kusomewa vitabu na watu waliozungumza Kichina cha Mandarini. Mwishoni watoto hao waliweza kutofautisha sauti za Kichina ambazo wenzao hawakuzitambua. Kundi jingine lilipewa maneno yale yale, kutoka kwa watu wale wale, kupitia televisheni. Kundi la tatu kwa sauti peke yake. Makundi hayo mawili hayakupata kitu. Mtoto mdogo hujifunza kupitia mtu anayemtazama machoni, anayefuata kidole chake, anayemjibu anapotoa sauti.

Sasa fikiria siku ya kawaida nyumbani kwenu. Mwanao wa miaka 3 yuko katika umri wa “hii nini?” na “kwa nini?”. Anauliza tangu anapoamka. Majibu mengi anayapata kwa mzazi aliyempa mgongo, mikono ikiwa kazini, macho kwenye simu au kwenye saa. Si kwamba hampendi. Ndivyo maisha ya kazi yalivyo. Safarini mambo mawili hubadilika kwa pamoja: vitu vipya vya kuulizia vinakuwa vingi, na mtu wa kujibu yuko palepale, hana mahali pa kukimbilia. Dirisha la basi au la treni kwa saa tatu, mzazi pembeni, ni darasa la lugha ambalo wiki nzima ya kawaida haitoi. Atasikia maneno ambayo nyumbani hayana nafasi ya kutamkwa: daraja, kivuko, mteremko, ukungu, mizigo, abiria, kituo kinachofuata. Mtaona baada ya kurudi anavyoyatumia, mengine mahali pasipo pake, na hiyo ndiyo dalili kwamba anayafanyia kazi.

Faida ya pili ndiyo ninayoithamini kuliko zote, na huwa sisikii wazazi wakiitaja. Nyumbani, mtoto anawaona baba na mama wanaojua kila kitu. Mnajua njia, mnajua majirani, mnajua taa ikizimika mshike nini gizani. Mtoto hapati nafasi ya kuona mtu mzima asiyejua anafanyaje. Safarini anaiona kila siku. Anamwona baba yake akisimama, akimwamkia mtu asiyemfahamu, akiuliza njia, akikosea, akirudi kuuliza tena bila aibu. Anamwona mama yake akijaribu salamu ya wenyeji, ulimi ukigoma, wenyeji wakicheka naye na kumsahihisha. Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto kila siku; safarini wanatuona tukiuishi msemo huo wenyewe.

Tena wanatusoma nyuso. Kuna jaribio la mwaka 1985 la James Sorce, Robert Emde, Joseph Campos na wenzao. Mtoto wa mwaka mmoja aliwekwa juu ya meza ya kioo imara; upande mmoja kitambaa chenye mirabaraba kiko karibu na kioo, upande wa pili kimeshushwa chini kidogo, basi mtoto anaona kama mbele yake kuna shimo, lakini si refu la kumtisha kabisa. Mama anasimama ng'ambo. Mama walioelekezwa kuonyesha uso wa furaha, watoto wao 14 kati ya 19 walivuka. Mama walioelekezwa kuonyesha uso wa woga, kati ya watoto 17 hakuna hata mmoja aliyevuka. Kioo ni kile kile, shimo ni lile lile. Kilichoamua mambo ni uso wa mama.

Mwanao wa miaka 3 bado anafanya hivyo, na dada yake pia, kwa namna ya kificho zaidi. Basi likichelewa saa mbili, watoto hawatazami saa, wanawatazama ninyi. Baba akivuta pumzi, akasema “haya, tuna saa mbili, tufanye nini?”, watoto wamepata somo ambalo huwezi kulipanga. Akianza kufoka na kumlaumu aliyekata tiketi, wamepata somo pia. Ndiyo maana nakuambia faida hii inawategemea ninyi. Safari ya wazazi waliochoka, wanaogombana kila kituo, inaweza kumfundisha mtoto kwamba ugeni ni hatari na dunia ya nje ni ya kuogopwa. Kabla ya kukata tiketi, kaeni ninyi wawili mkubaliane jambo moja: ratiba ikiharibika, nani atashika watoto na nani atashughulika na tatizo. Mkiwa mmegawana kazi mapema, nyuso zenu zitakuwa na utulivu ambao watoto watauazima.

Sasa binti. Baba yake anataka apate zaidi, na hilo ni jema. Ila mtoto wa miaka 9 hafaidiki sana na kuongezewa siku za kuzungushwa. Anafaidika kwa kupewa kazi ya kweli. Mpe ramani ya karatasi, na kila siku awe na njia moja anayoiongoza yeye: kutoka mlipofikia hadi kituo cha basi, au kutoka kituoni hadi mnakokwenda kutembea. Mwacheni apotee kidogo, mkimfuata nyuma bila kumwokoa haraka. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake walionyesha kwamba madereva wa teksi wa London, ambao hulazimika kujifunza maelfu ya mitaa kwa kichwa, wana sehemu ya nyuma ya hipokampasi, eneo la ubongo linalohusika na kumbukumbu na kujua njia, kubwa kuliko watu wengine, na kadiri mtu alivyokuwa amefanya kazi hiyo miaka mingi ndivyo ilivyokuwa kubwa zaidi. Wiki moja ya likizo haitamfanyia binti yenu hayo, na sitaki mtarajie hivyo. Lakini uwezo wa kujua “nipo wapi, nimetokea upande gani” hukua kwa kutumika, na mtoto anayefuata tu mgongo wa baba au sauti ya simu hautumii. Mpe pia fungu dogo la bajeti ya siku alisimamie. Mwambie ukweli wa kiasi kilichopo. Akiamua kukimaliza asubuhi, jioni atajifunza jambo.

Kuna tunu nyingine kwa umri wake, nayo ni kukutana na watu wanaoishi kwa namna tofauti. Hapa wazazi wengi hukosea kwa nia njema. Mwanasaikolojia Gordon Allport aliandika mwaka 1954 kwamba watu wa makundi tofauti wakikutana, chuki na dharau hupungua, lakini kwa masharti: wakutane wakiwa sawa, wawe na lengo moja, washirikiane, na wakubwa wao waunge mkono. Mwaka 2006 Thomas Pettigrew na Linda Tropp walizipitia tafiti 515 juu ya jambo hilo, wakakuta kwamba kukutana kwa jumla hupunguza ubaguzi kweli, na masharti yale yakiwepo athari huwa kubwa zaidi. Tafsiri yake kwenu ni nyepesi. Kuwatazama watu kupitia dirisha la gari hakumfundishi mtoto kitu juu yao. Kucheza mpira na watoto wa pale, kuomba kufundishwa mchezo wao, kuosha vyombo pamoja na mtoto wa mwenyeji wenu, hayo yanafundisha. Na nakusihi sana, msimpeleke mtoto kuangalia umaskini wa watu wengine ili “ashukuru alichonacho”. Watu si maonyesho, na anachojifunza mtoto pale ni kujiona yuko juu.

Nirudi kwa mdogo, maana ndiye mwenye kesi. Nimesema hatadhurika akibaki kwa bibi yake, na nasimamia hapo. Siku chache na bibi anayempenda nazo zina utajiri wake. Lakini lipo jambo litakalompita ambalo si rahisi kulilipa baadaye. Robyn Fivush na Elaine Reese wamechunguza kwa miaka mingi jinsi wazazi wanavyozungumza na watoto wadogo kuhusu mambo yaliyopita. Wamekuta kwamba wazazi wanaosimulia kwa upana, wanaouliza maswali ya wazi, wanaoongeza kipande na kumwachia mtoto aongeze chake, watoto wao hukuza kumbukumbu zenye undani zaidi na husimulia vizuri zaidi. Na kwamba ustadi huo wazazi wanaweza kufundishwa wakaumudu. Kumbukumbu ya mtoto mdogo basi hutunzwa katika mazungumzo ya nyumbani kama vile inavyotunzwa kichwani.

Ona yatakayotokea ninyi watatu mkienda bila yeye. Safari ya kwanza ya mbali ya familia itazungumzwa kwenu miaka na miaka: siku ile mvua ilipowakuta, yule mzee aliyewasindikiza, dada alivyoongoza njia akawazungusha mara mbili. Kila ikizungumzwa, mdogo atakuwa msikilizaji. Akiwa alikuwepo, hata kama yeye mwenyewe amesahau, dada yake atamwambia “wewe ulilala begani kwa baba, ukaamka unalia unataka kofia”, na atakua akijua kwamba yumo katika hadithi ya watu wake. Marshall Duke na Fivush, kule Emory, waliunda maswali 20 ya kuwauliza watoto wanachokijua kuhusu familia yao: wazazi walikutana wapi, babu na bibi walikulia wapi, na mengine ya aina hiyo. Waliona kwamba watoto wanaoijua zaidi historia ya familia huwa na kujithamini zaidi na kuhisi kwamba wana uwezo juu ya maisha yao. Huo ni uhusiano tu, hausemi kimoja kimesababisha kingine, na bila shaka familia zinazosimuliana zina mema mengine pia. Hata hivyo, kwangu mimi hii ndiyo hoja uliyokuwa ukiitafuta. Moyo wako haukuwa unakudanganya.

Kwa kuwa mazungumzo ndiyo yanayotunza, jifunzeni kuyafanya. Maswali ya kumpima mtoto, “ule mti ulikuwa na rangi gani? tulikula nini?”, humchosha na kumnyamazisha. Jaribu hivi: “Nakumbuka mashua ilipoanza kuyumba, ukanishika mkono kwa nguvu. Halafu ikawaje?” Kisha umngoje. Akileta jambo dogo usilolitarajia, kama paka aliyemwona kizimbani, lifuate hilo hilo. Kwake yeye paka ndiye aliyekuwa safari. Na msingoje kurudi. Kila usiku kabla ya kulala, kila mmoja ataje jambo moja la siku ile, baba akiwemo.

Mazungumzo mengine yaanze sasa hivi. Jeroen Nawijn na wenzake walichunguza Waholanzi 1,530, wakachapisha mwaka 2010, na wakakuta kwamba walio na safari mbele yao walikuwa na furaha kuliko wasiosafiri, ilhali baada ya kurudi tofauti hiyo kwa wengi haikuonekana tena. Sehemu nzuri ya furaha ya safari iko kabla ya safari, na haina nauli. Binti ashirikishwe tangu leo: achague kitu kimoja cha kwenda kuona, atafute habari zake, awaeleze. Mdogo usimwambie mapema mno. Wiki tatu kwake hazina maana. Siku nne au tano kabla inatosha, na umhesabie kwa usingizi: tukilala mara nne, tunaondoka.

“Atatuchosha,” anasema baba. Ndiyo, atawachosha. Mtoto wa miaka 3 hawezi kubeba ratiba ya mtu mzima, na safari nyingi na watoto huharibika kwa kutaka kuona kila kitu ili fedha “isipotee”. Kwa siku moja pangeni jambo moja kubwa, liwe la asubuhi, na mchana muache wazi. Saa yake ya kulala mchana iheshimiwe kama mnavyoheshimu saa ya kuondoka basi. Bebeni shuka lake analolijua au mdoli wake, kwa sababu kitu kimoja cha nyumbani kinamwezesha kuvumilia vingi vya ugenini. Usiku wa kwanza asipolala vizuri msishangae wala msibadilishe mipango; mpeni siku mbili.

Ya afya na usalama nitayapitia upesi, ingawa ndiyo ya kwanza kwa uzito. Shirika la Afya Duniani linataja ajali za barabarani kuwa sababu ya kwanza ya vifo vya watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Mkisafiri kwa gari, mdogo awe katika kiti maalumu cha mtoto, si mapajani, na kama uchaguzi upo safirini mchana. Kutapika garini huwapata zaidi watoto wa miaka 2 hadi 12: mpeni chakula kidogo kabla ya kuondoka, atazame mbali mbele na si kwenye simu, dirisha lipitishe hewa. Kwenye ndege, wakati wa kushuka mpeni kinywaji cha kumeza kidogo kidogo ili masikio yasimuume. Mwende kwa daktari au kliniki ya wasafiri mapema, mwezi mmoja na nusu kabla ikiwezekana, kwa sababu chanjo nyingine huhitaji muda. Cheti cha homa ya manjano, kwa mfano, huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu Julai 2016 kinadumu maisha yote. Mkienda kwenye malaria, jueni kwamba walio chini ya miaka 5 ndio wanaozidiwa haraka; chandarua chenye dawa na ushauri wa daktari kuhusu kinga si vya kuachwa. Bebeni pakiti za chumvi ya kuongeza maji mwilini.

Nyaraka: vyeti vya kuzaliwa vya wote wawili, na nakala zake. Ikiwa mtavuka mpaka na kwa sababu yoyote mzazi mmoja akatangulia na watoto, awe na barua ya idhini ya mwenzake. Maofisa wa uhamiaji wakiuliza hawakushuku wewe. Nchi nyingi zimejifunga kwa Mkataba wa Hague wa mwaka 1980 unaopinga watoto kutoroshwa na mzazi mmoja kwenda nje, na maswali yale huwalinda watoto. Kila asubuhi pigeni picha ya mdogo akiwa na nguo za siku ile, na muwekee mfukoni karatasi yenye namba zenu za simu.

Ziko hali ambazo mimi mwenyewe ningesema aachwe. Kama anaumwa au ametoka kuumwa karibuni. Kama safari yenyewe ni ya kutembea milimani saa nyingi, ambako atabebwa tu mgongoni. Kama ninyi wawili kwa kweli mnahitaji kupumzika peke yenu. Hilo ni hitaji halali la ndoa, lakini basi binti naye abaki, na iitwe kwa jina lake, mapumziko ya wazazi. Lakini kama nauli yake itawatia katika deni, msimwache, fupisheni safari. Hakuna hata moja kati ya faida nilizotaja inayotegemea umbali. Mahali pa saa nne kutoka kwenu pasipojulikana na yeyote kati yenu panatosha kabisa.

Kwa hiyo ushauri wangu kwenu ni huu: mwende wote wanne, mpunguze siku badala ya kupunguza mtoto. Ili baba naye apate alichokitaka, tengeni nusu siku mbili za binti peke yake, moja na baba, moja na wewe, waende mahali ambapo mdogo angewazuia. Anayebaki na mdogo amlaze, kisha amtoe polepole atembee kwa mwendo wake, asimame penye kila jiwe anapotaka kusimama. Na tarehe ya kurudi iwe siku mbili kabla ya shule kufunguliwa, wapate kulala, mfue nguo, na picha mzichapishe chache kwenye karatasi, mdogo akionekana katika kila moja, mzibandike pale ambapo kimo chake kinafika.